Kitara cha babu sebuleni na harusini: sheria ya Uingereza inasemaje?

SWALI: Mimi ni Mzanzibari, naishi Leicester. Marehemu babu alituachia kitara, yaani upanga uliopinda, chenye ubapa wa sentimita 70 na ushei, ambacho wazee wanasema ni cha kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Nimekitundika sebuleni. Je, ninavunja sheria? Na mwanangu, anayeoa hivi karibuni, anaweza kukishika siku ya harusi?

JIBU: Ndugu msomaji, hayo ni maswali mawili yanayoongozwa na vifungu viwili tofauti, na jibu la sebuleni halikulindi ukishatoka mlangoni.

Katika England na Wales, tangu Aprili 2008 upanga uliopinda wenye ubapa wa sentimita 50 au zaidi umo katika orodha ya silaha zilizopigwa marufuku chini ya kifungu cha 141 cha Sheria ya Haki Jinai ya mwaka 1988. Urefu hupimwa kwa mstari ulionyooka, kuanzia mpini unapoishia hadi kwenye ncha, bila kufuata mpindo. Awali katazo liligusa mambo kama kuuza, kukodisha, kumpa mtu na kuingiza nchini. Lakini tangu tarehe 14 Julai 2021 hata kuwa nao nyumbani ni kosa.

Hata hivyo, silaha iliyotengenezwa zaidi ya miaka 100 iliyopita haihesabiwi katika katazo hilo, na upo utetezi kwa upanga uliopinda uliotengenezwa kabla ya 1954, au uliofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi wakati wowote ule. Kwa hiyo, kama maneno ya wazee ni sahihi, kitara chako kinaweza kubaki ukutani. Nasisitiza "kama", kwa sababu kauli ya familia peke yake ni ushahidi dhaifu. Mpelekee mthamini wa silaha za kale picha zake, naye akupe maoni kwa maandishi, na umwombe achunguze ubapa wenyewe, si fedha iliyonakshiwa mpinini tu, kwani mipini ya panga za Kiarabu mara nyingi ilihamishwa kutoka ubapa mmoja hadi mwingine. Picha ya babu akiwa amekishika, yenye tarehe nyuma yake, ni hazina; itunze pamoja na barua hiyo.

Harusi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kifungu cha 139 cha sheria hiyohiyo kinakataza kuwa na kitu chenye makali mahali pa umma, adhabu yake inafika kifungo cha miaka 4, na hapo umri wa kitara haukusaidii kitu. Sheria inakubali sababu ya msingi, na inataja waziwazi kazi, dini na vazi la taifa. Bwana harusi aliyevaa joho na kilemba, jambia kiunoni na kitara mkononi, ana hoja nzuri ya vazi la taifa, lakini ni juu yake kuithibitisha mahakamani. Hoja hiyo inadhoofika vibaya kitara kikikutwa kwenye buti la gari siku tatu baada ya sherehe. Ukumbi wa walioalikwa tu huenda usiwe mahali pa umma; barabara ya kuufikia ni mahali pa umma bila shaka.

Basi mtu mzima mmoja akabidhiwe kitara siku hiyohiyo, kikiwa ndani ya ala na kimefungwa kwenye kitambaa, akipeleke moja kwa moja ukumbini na kukirudisha nyumbani usiku uleule. Waarifu mapema wenye ukumbi na polisi wa eneo lenu kwa barua pepe. Polisi hawatoi leseni ya upanga, na jibu lao si kibali, lakini barua hiyo itaonyesha nia yenu.

Na kama babu aliacha pia bakora yenye upanga ndani yake, hiyo imo katika orodha tangu 1988, iwe imenyooka au imepinda. Ikaguliwe umri wake kabla hujamwazima wala kumzawadia mtu yeyote.