Gogo la Pwani Ndani ya Tangi la Samaki

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Nyumbani kwangu Wete, Pemba, nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, ambamo nafuga samaki wa dhahabu pamoja na gapi (samaki wadogo wa mapambo) kwa maji ya kisima. Kusi la mwaka huu limetupa pwani kipande cha gogo kilichopinda vizuri, nami ningependa kukiweka humo kiwe pambo na maficho ya samaki. Mmoja ananiambia kukiloweka usiku mmoja kunatosha, mwengine ananionya kuwa kitaua samaki wote. Nifuate lipi? Na kikielea, nikizamisheje?

JIBU: Waalaikumu salaam. Anayekuonya amezidisha kidogo, lakini yuko karibu zaidi na ukweli kuliko anayekwambia usiku mmoja.

Kwanza lijue gogo lenyewe. Ukiona alama za rangi, misumari au tundu zilizopangwa kwa mstari, hicho si kipande cha mti bali ni mabaki ya chombo, na mbao za vyombo vyetu hunyweshwa sifa (mafuta ya maini ya papa) na kupakwa shahamu (mafuta ya mnyama) kwa miaka mingi; mafuta hayo hayatoki kwa kuchemsha, na misumari ya shaba ni sumu kwa samaki na konokono. Lirejeshe ulikolitoa. Ukijua ni mkarafuu, pia usilitumie, kwa kuwa mafuta ya karafuu yana yujenoli, dawa ileile ambayo wataalamu huitumia kuwalewesha samaki kabla ya kuwapima au kuwapasua. Muarobaini na mnyaa viache kabisa. Mkoko, mchu au mvinje uliokwisha kufa na kukauka wenyewe unafaa, almuradi ni mgumu na ukiubonyeza kwa ukucha haubonyei. Ninasema uliokufa wenyewe kwa makusudi: kukata mikoko bila ya kibali ni kosa, na gogo bichi lina utomvu utakaooza ndani ya maji.

Likishapita hapo, tatizo linalobaki ni chumvi, ambayo imeingia hadi moyoni mwa mti na haitoki kwa usiku mmoja. Lisugue kwa burashi ngumu na maji matupu, bila ya sabuni wala dawa ya kufulia, na vijitundu vyote vilivyotobolewa na wadudu wa baharini uvichokoe kwa waya mpaka uchafu utoke. Kisha lichemshe saa moja au mbili ikiwa unalo sufuria la kulitosha, halafu liloweke kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi na uyabadilishe kila siku, au angalau kila baada ya siku mbili, kwa muda wa wiki mbili hadi nne. Gogo nene huhitaji zaidi. Kujua kama chumvi imekwisha, chota kijiko kimoja cha maji ya pipa yaliyokaa siku mbili, na kijiko cha pili cha maji ya kisima chako, uvikaushe vyote viwili juu ya moto mdogo. Usihukumu kwa kijiko kimoja pekee, kwa kuwa maji ya visima vyetu vingi hupita kwenye mawe ya chokaa na huacha utando mweupe hata yakiwa hayana chumvi. Kijiko cha pipa kikiacha utando mzito kuliko cha kisima, endelea kuloweka.

Kuhusu kuelea, mara nyingi kule kuloweka kwenyewe hulifanya gogo lizame. Lisipozama, lifunge kwa mshipi wa kuvulia wa nailoni kwenye jiwe gumu, au likaze kwa chini juu ya kipande cha kigae cha sakafu kwa skrubu isiyoshika kutu. Jiwe la matumbawe usilitumie, kwani huongeza ugumu wa maji, yaani chokaa iliyoyeyuka ndani yake, na maji yako huenda tayari ni magumu ya kutosha.

Wakati wa kuliweka, litangulie mchanga: likae imara juu ya kigae chake, ndipo mchanga umwagwe kulizunguka, kwani samaki wa dhahabu hufukua, na gogo lililokaa juu ya mchanga huweza kuanguka na kupasua kioo. Usilibane kabisa baina ya vioo viwili, kwa sababu mti ukinywa maji huvimba na kusukuma. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kila upande, ili mkono upite wakati wa kusafisha na samaki asinase nyuma yake. Ncha kali zipige msasa, hasa kama samaki wako wa dhahabu ni wale wenye macho yaliyotokeza. (Kwa kweli mchanganyiko wako siupendi, samaki wa dhahabu akikua humeza vitoto vya gapi, na gogo litawasitiri wachache tu.)

SWALI: Gogo langu nimeliloweka vizuri, lakini maji yamekuwa na rangi ya chai ya rangi na gogo limeota utando mweupe kama ute. Je, nilitoe? Msomaji, Bububu, Unguja.

JIBU: Huna haja. Rangi hiyo ni tanini, ile inayopatikana kwa wingi katika magome ya mikandaa na mikoko, na kwa kiasi hicho haiwadhuru samaki. Ikikuudhi, badilisha robo ya maji kila wiki. Utando ni ukungu unaokula sukari iliyobaki kwenye mti, na kwa kawaida hutoweka baada ya wiki chache, au mapema zaidi ukiwa na konokono. Litoe siku hiyohiyo iwapo maji yatanuka uozo, au samaki watapanda juu wakitweta, kisha badilisha nusu ya maji na uache pampu ya hewa ifanye kazi usiku kucha.