Shangazi, nimeacha kope za kubandika, sasa naitwa bahili

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, ni wakala wa pesa za simu hapa Mwanga, Kigoma. Zamani sikutoka nyumbani bila kope na kucha za kubandika, na mawigi nilikuwa nayo matatu. Mama akinipa mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, namwambia yananuka ushamba. Mwaka jana nilikopa ili ninunue wigi, deni likanitoa machozi. Nikaingia kikoba, nikaacha vyote. Sasa nasuka twende kilioni, najipaka mise, na nimeshanunua cherehani. Lakini mashoga zangu wananiita bahili, na mdogo wangu ninayeishi naye hanisemeshi tangu nimnyime hela ya wanja. Urembo wangu uliobaki ni krimu ya kupima tu, kikopo shilingi 2,000, inatakatisha uso ndani ya wiki. Je, nimekosea kubadilika?*
*Binti wa Mwanga*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa cherehani. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye hiyo krimu ya kupima. Mengine yasubiri kidogo.

Krimu inayotakatisha uso ndani ya wiki mara nyingi huwa na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), zebaki au dawa kali za steroidi. Vikichanganywa ndio mkorogo wenyewe. Zebaki hupenya kwenye ngozi ikaingia mwilini na kuharibu figo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, hata mishipa ikaanza kuonekana. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuacha weusi wa kibluu usiotoka, yaani kinyume kabisa na ulichokuwa unakitafuta. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kipodozi cha kuaminika kimeandikwa mtengenezaji, viambato na tarehe ya kuisha muda. Kikopo chako kimeandikwa nini?

Sikuambii ukitupe leo halafu ukae kimya. Kama umekitumia kwa miezi na kina steroidi, ukikatisha ghafla uso hulipuka vipele na kuwasha, na hapo ndipo wengi hurudi kununua kingine. Nenda hospitali ya Maweni ukiwa nacho mkononi, umwonyeshe daktari, umweleze umekipaka kwa muda gani. Usione aibu, si wewe wa kwanza.

Sasa mise. Wewe mtoto wa Kigoma unajua kazi yake: mawese yakishakamuliwa, kokwa zinabaki, zinaanikwa, zinapasuliwa moja moja kwa jiwe, kisha kile kiini cha ndani ndicho kinachotoa mafuta. Yanakaribiana sana na mafuta ya nazi, na viwanda vinayatumia kutengeneza sabuni na vipodozi. Siku moja geuza sabuni ya dukani usome viambato vyake. Ukikuta Elaeis guineensis, hilo ni jina la kitaalamu la mchikichi, mti uleule wa nyumbani kwenu. Kwa hiyo kwenye nywele na miguu jipake bila wasiwasi. Usoni tia kidogo tu, na kama una chunusi acha kabisa, maana mafuta mazito huziba vinyweleo.

Mashoga zako waache waseme. Deni lilipokuliza, sijasoma kwamba yupo aliyekuchangia.

Ila kwa mdogo wako nakukatalia. Wewe ulijinyima kwa hiari baada ya kuumia, na uchungu huo ndio unaokupa nguvu. Yeye hakukopa wigi. Umemvalisha adhabu ya deni lisilo lake, tena kwa wanja, kitu ambacho penseli yake moja msichana anaitumia miezi. Mtengee hela yake kila mwezi, hata iwe ndogo, aitumie apendavyo, na akirudi na rangi ya mdomo usimuulize bei. Na wewe mwenyewe ukitamani kusukwa vizuri siku ya sikukuu, sukwa, mradi hela iwe ya kwako na si ya mkopo.

Umeniuliza kama umekosea kubadilika. Hapana mwanangu, nimefurahi mno. Lakini barua nzima nimetafuta mahali ulipomwambia mama kwamba umebadilika, sijapaona. Siku zile ulipomwambia mafuta yake yananuka ushamba, alikuwa amekaa juani akipasua kokwa hizo kwa mikono yake? Au hadi leo ni yeye anayekujazia chupa?

Jumapili funga kibanda mapema uende kwake. Shika jiwe, kaa chini, mpasue kokwa pamoja, na mkiwa katikati ya kazi mwambie, mama, nisamehe kwa yale maneno ya harufu.