Barua kwa mwanangu: mdogo wako hana homa, lakini hayuko sawa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema tangu mdogo wako aje kwako Uyole kuanza kidato cha pili, anakula vizuri na kituo cha afya wamempima malaria na wingi wa damu wasione tatizo, lakini kila wiki analalamika kichwa, haongei na mtu, na alama zake zimeshuka. Halafu kwenye kikao cha wazazi mwalimu wa malezi akawaeleza kuwa ustawi wa kijana una nyanja nyingi: mwili, akili, hisia, mahusiano, imani na masomo. Ukaniuliza, "Mama, katika hizo zote nianze na ipi?"

Anza na usingizi. Umeniandikia mwenyewe kwamba saa sita usiku simu yake bado inawaka, na saa kumi na nusu alfajiri ameshaamka kuwahi daladala. Hiyo ni saa nne na nusu kwa binti wa miaka 15, wakati kijana wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10. Usimwite mvivu asubuhi wala mkaidi usiku. Balehe yenyewe husogeza usingizi mbele, kwa kuwa homoni inayouleta huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mdogo. Simu ikiongezeka juu ya hapo, usiku wote umekwenda. Mtu asiyelala huumwa kichwa, hukasirika kwa neno dogo, na alichosoma jioni hakikai. Sasa niambie, hilo ni la mwili, la hisia au la masomo? Ndiyo maana naanzia hapo. Simu zote za nyumba, na yako ikiwemo, zilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku.

Mwalimu hakukosea. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inasema afya ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kutokuwa na ugonjwa tu. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Marekani, Bill Hettler, akapanga nyanja sita zinazofanana na hizo ulizoandika. Mimi nimefanya kazi wodini na kliniki hadi nikastaafu, na ninachokuomba ni kwamba usizishike kama fomu ya kuweka alama ya vema. Mtoto haji na tatizo la nyanja moja. Huja na kichwa kinachouma, na chini yake kuna mambo matatu au manne yanayosukumana.

Chakula nakigusa kwa kifupi, maana huku Nyanda za Juu Kusini shibe hutudanganya. Iringa, Njombe na Rukwa hulisha nchi, na bado ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa watoto waliodumaa. Ugali na viazi vinajaza tumbo, ila binti aliyeanza hedhi anapoteza madini ya chuma kila mwezi. Maharage, mboga za majani na dagaa visikosekane, na pera au chungwa liwe karibu na chakula. Chai ya rangi, najua tunaipenda, aisubirishe kama saa moja baada ya kula, kwa sababu huzuia mwili kufyonza hayo madini.

Hapo kwenye hedhi nikae kidogo, kwa kuwa wewe ni kaka na najua hutaliuliza. Hela ya taulo za kike iingie kwenye matumizi ya mwezi kama ya unga na mkaa. Mpe mkononi kabla hajaomba. Binti anayeona aibu kuomba nyumbani atapewa na mwingine, anayempa atadai, na mkoa wetu wa Mbeya, pamoja na Iringa na Njombe, ni miongoni mwa ile yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini. Kwa hiyo pakiti moja ya taulo ni afya ya mwili, ni heshima yake, na ni kinga yake barabarani. Mengine ya ndani zaidi mwachie mama yako mdogo wa Mwanjelwa. Nimeshaongea naye, atakuja Jumamosi.

Sasa kuhusu kunyamaza kwake. Umefikiria alichoacha huku Tukuyu? Aliacha marafiki wa tangu darasa la kwanza, akaacha kwaya ya vijana aliyokuwa anaimba sauti ya pili. Watu wataihesabu kwaya upande wa imani peke yake. Kwa mdogo wako kwaya ilikuwa pia ndiyo marafiki zake, na ndiyo mahali pekee alipojua kwamba wakimkosa wataulizana yuko wapi. Mtafutie kwaya huko Uyole kabla hujamtafutia tuisheni. Najua mtihani wa taifa wa kidato cha pili unakuja. Nasema hivyo nikiujua.

Na usimkalishe mbele yako kwenye kochi ukamwambia "haya, sema una nini." Atasema hana kitu. Mwagia maharage kwenye ungo, kaeni upande mmoja, mchambue pamoja. Wewe toa mawe, yeye atoe yaliyobunguliwa. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye ungo, kijana huongea. Ataanza na habari ya mwalimu fulani, usimkatishe. Atanyamaza, nawe nyamaza. Linalomuuma mara nyingi huja maharage yakikaribia kwisha, na akilisema usikimbilie kumshauri. Mwulize tu, "Halafu?"

Kuna kiwango ambacho si cha ungo tena. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14 au karibu na hapo, na mengi hayatambuliwi. Ukiona wiki mbili zimepita hafurahii hata alichokipenda, amejitenga, chakula kimemshinda, au anasema heri asingekuwepo, mwulize waziwazi kama amefikiria kujidhuru. Swali hilo halimpandikizii wazo. Linamwonyesha kuwa kuna mtu anayeweza kulisikia. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto nayo ni ya bure, mnaweza kupiga wewe au yeye. Atakayekuambia ni kiburi au amerogwa, mshukuru na uendelee na safari ya hospitali. Mchungaji aombe, nami naomba kila siku, na daktari naye amwone.

Nijibu wiki ijayo uniambie analala saa ngapi. Na jioni ya Jumapili nitapiga simu, ila nitampigia yeye.

Mama yako,
Tukuyu