QCCSID ya AS/400: huhitaji kuzima mashine

Mmeuliza kama AS/400 (kompyuta ya biashara ya IBM) inahitaji kuwashwa upya mkibadilisha QCCSID, yaani thamani ya mfumo inayosema itumie seti gani ya herufi, kwani mmeikuta ni 65535. Hapana, haihitaji. Andika CHGSYSVAL SYSVAL(QCCSID) VALUE(37), basi. Kazi (jobs, yaani vipindi vya watumiaji na programu zinazoendeshwa) zitakazoanza baada ya hapo zinachukua thamani mpya. Zilizokwisha kuanza zinabaki na ya zamani, kwa hiyo watu watoke na kuingia tena. Namba 37 ni ya Kiingereza cha Marekani. Kama mashine yenu imewekwa kwa Uingereza, tumia 285, la sivyo alama ya pauni itawachezea.

Hiyo 65535 mliyoikuta ndiyo inayotoka nayo kiwandani, na maana yake ni "usibadilishe herufi". Ndiyo sababu Excel inaonyesha C1C2C3, yaani misimbo ya herufi hizo kwenye AS/400, badala ya ABC.

Ila faili za zamani zenye alama ya 65535 hazitabadilika kwa amri hii. Kwa hizo, kwenye mipangilio ya ODBC (kiunganishi ambacho Excel hutumia kusoma data ya mashine) kuna sehemu ya kugeuza 65535 kuwa maandishi, weka tiki.

Mimi huanza na mtumiaji mmoja, kwa CHGUSRPRF (amri ya kubadilisha wasifu wa mtumiaji) yenye CCSID(37), programu za zamani zikitulia ndipo naugusa mfumo mzima.