Usiulize "Umeona?" Uliza "Umeona Nini?"

Usiku wa kwanza nilipoachiwa darubini peke yangu, foleni ilikuwa ya watu kama arobaini. Kila mmoja aliinama, akakaa sekunde tatu nne, akainuka na kusema, "Ndiyo, nimeiona, ahsante sana." Nikajiona nimeiva. Foleni ilipokwisha nikainama na mimi kuiaga Zohali. Giza tupu. Sayari ilikuwa imeshatoka kwenye darubini zamani, na hadi leo sijui ni wangapi walioangalia weusi wa anga wakanishukuru kwa adabu.

Wewe unayeanza kujitolea kwenye mihadhara ya sayansi ya watu wote na matembezi ya kutazama viumbe, nakuanzia hapo kwa sababu kosa lile nimekutana nalo mara nyingi tangu siku hiyo, kila mara kwa sura nyingine. Mtu mzima hapendi kuonekana kwamba ameshindwa kuona. Ukimuuliza "umeona?" atasema ndiyo, na mazungumzo yamekwisha. Muulize "umeona nini?" na utajua mara moja kama kazi yako imefanyika au bado.

Kwenye darubini sababu yenyewe ni ya hesabu tu. Dunia inajizungusha nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 1 kwa kila dakika nne. Ukikuza mara 150, kipande cha anga unachokiona kinaweza kuwa na upana wa theluthi moja ya nyuzi. Kama darubini haina mota ya kufuata anga, sayari inakatiza kipande hicho kwa muda wa dakika moja na kitu, ukingo hadi ukingo. Kwa hiyo kila baada ya mtu mmoja au wawili, rudi uangalie mwenyewe na uirekebishe. Foleni itachelewa, ndiyo. Iache ichelewe.

Mshtarii ndiyo sayari nzuri kuliko zote ya kuulizia. Usiwaambie ina miezi minne inayoonekana. Sema, "Pembeni yake kuna vinukta vya mwanga, nihesabie." Mmoja atasema vitatu, mwingine vinne, watabishana, watarudi nyuma ya foleni waangalie tena. Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, naye alianza hivyo hivyo: tarehe 7 Januari 1610 aliona vinukta vitatu, siku zilizofuata vikawa vimebadili nafasi, na tarehe 13 akaviona vinne. Wote wanaobishana kwenye foleni yako wanaweza kuwa sahihi, maana mwezi mmoja huweza kuwa mbele au nyuma ya sayari kwa saa kadhaa. Na mtu akikwambia viko kushoto wakati wewe umeviona kulia, usimkosoe. Darubini nyingi hugeuza picha, na kila mtu anasimama kivyake.

Kuhusu giza: macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea vizuri, na simu moja ikiwashwa inaweza kuharibu dakika hizo zote. Tumia tochi nyekundu, kwa kuwa chembe za jicho zinazoona gizani haziathiriwi sana na wekundu. Chembe hizo hazipo katikati kabisa ya jicho, ndiyo maana kitu hafifu huonekana vizuri zaidi ukitazama pembeni yake kidogo. Wafundishe watu hilo kabla hujawaonyesha chochote hafifu, la sivyo utarudi kwenye "nimeiona, ahsante".

Halafu usipange usiku wa kutazama Mwezi siku ya mwezi mpevu. Wageni ndio wanaupenda, wanadhani mkubwa ndio mzuri. Siku hiyo jua linaupiga usoni moja kwa moja, hakuna vivuli, mashimo yote yanakuwa bapa kama picha ya ukutani. Chagua siku ya nusu mwezi. Kwenye mstari unaotenganisha mwanga na giza, milima ina vivuli virefu na mashimo yanaonekana yana kina. Hapo hata asiyependa sayansi hupiga ukelele kidogo.

Sasa mihadhara. Wengi wenu mtakabidhiwa kazi ya kumtafuta msemaji na kuandaa ukumbi, mkadhani kazi ni viti na projekta. Kaa kiti cha mwisho kabisa nyuma, mwambie mwenzako aseme jambo mbele, na uangalie slaidi ukiwa pale. Usichokisoma wewe hakitasomwa na mwingine. Mpigie msemaji simu umwambie hivyo bila kuona haya, hata kama ni profesa. Maprofesa ndio wanaojaza maandishi madogo kuliko wote.

Kuhusu muda, simama na Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza. Alikuwa kijana anayejifunza kujalidi vitabu, mteja mmoja akampa tiketi mwaka 1812 za kwenda kumsikiliza mkemia Humphry Davy pale Royal Institution, taasisi ya sayansi huko London. Aliandika aliyoyasikia, akachora vifaa, akajalidi daftari lake na kumpelekea Davy, na mwaka 1813 akaajiriwa pale. Mwaka huo huo alimwandikia rafiki yake barua ndefu kuhusu namna ya kutoa mihadhara, na mojawapo ya aliyosema ni kwamba saa moja inamtosha mtu yeyote. Baadaye, alipokuwa na jina kubwa, aliwapa vijana mihadhara sita mizima kuhusu mshumaa. Mshumaa tu. Msemaji akikuletea mada ya "Ulimwengu: tangu mwanzo hadi sasa", mwambie habari hiyo.

Jaribio la mshumaa mwenyewe nalitumia mpaka leo. Uwashe, uache uwake dakika chache, kisha uuzime kwa pumzi moja. Moshi mweupe unapanda. Waulize watu: moshi huu ni nini? Watasema ni majivu, ni hewa chafu, ni mvuke wa maji. Usijibu. Chukua njiti inayowaka, isogeze kwenye ule moshi, sentimita mbili tatu juu ya utambi, bila kuugusa. Moto unashuka kwa kuruka kupitia moshi na mshumaa unawaka tena. Sasa waulize tena moshi ni nini. Mtu wa safu ya tatu atajibu mwenyewe kwamba ni nta, kwamba kinachowaka ni nta iliyopanda hewani, na ukumbi mzima utamsikia yeye, si wewe. Lakini zima feni kwanza. Mimi nililifanya mara ya kwanza chini ya feni, moshi ukatawanyika, nikajaribu mara tatu mbele ya watu themanini na mara zote tatu nikashindwa. Kijana mmoja akanionea huruma akaenda kuizima.

Kipindi cha maswali huharibiwa na ukimya na pia na mtu mmoja mwenye hotuba. Dawa yangu kwa yote mawili ni ileile: kabla ya maswali, wape watu dakika mbili wazungumze na jirani yao wa kiti. Kelele itakuwa kubwa, iache. Wakitoka hapo wanauliza maswali mafupi, kwa sababu wameshayajaribu kwa mtu, na yule mwenye hotuba ameshampata msikilizaji wake.

Angalia pia maneno. Mwanasayansi akisema "nadharia" anamaanisha maelezo yaliyopimwa mara nyingi yakasimama. Msikilizaji anasikia "maneno matupu yasiyo ya vitendo". Akisema kipimo kina "kosa" la asilimia tatu, yaani thamani halisi huenda iko juu au chini kidogo ya aliyoipata, nusu ya ukumbi inafikiri amekosea. Msikatize msemaji kwa hilo, lakini mwandae mapema. Nje porini ni hivyo hivyo. Kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili, buibui ni mdudu, nge ni mdudu, na jongoo pia. Mwanabiolojia anataka miguu sita. Nimeona kiongozi akimkosoa mama mmoja mbele ya watoto wake, "Hapana, huyo si mdudu," na yule mama hakufungua mdomo tena hadi mwisho wa safari. Ingetosha kusema, "Hebu mhesabieni miguu." Wangefika minane wenyewe, na neno lao lingebaki halali nyumbani kwao.

Matembezi ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo ngumu. Ipitie njia siku moja kabla, saa ileile mtakayokwenda, maana njia ya saa kumi na mbili asubuhi na njia ya saa tano ni njia mbili. Ndege huimba sana alfajiri, na jua likishapanda wengi hunyamaza na kujificha. Chukua watu kumi na watano, ikizidi sana ishirini. Weka mwenzako mkiani. Ukisimama kuonyesha kitu, usifungue mdomo mpaka yule wa mkiani amefika. Kundi likitanda kwenye njia nyembamba, wa mwisho hufika wakati wewe unasema "haya, twendeni", na hao ndio waliolipa gharama ileile ya kuamka mapema. Geuka jua likupige usoni wewe, ili wao wasikukodolee macho yanayotoa machozi.

Na mwende polepole kuliko unavyofikiri. Mwendo wangu mzuri kuliko yote ulikuwa wa mita mia nne kwa saa mbili. Tulikaa karibu dakika arobaini kwenye jiwe moja lenye mabaka ya kijivu na ya njano, ambayo watu walidhani ni rangi iliyomwagika. Niliwapa lenzi ya mkononi. Muwaelekeze namna ya kuishika: lenzi iwe karibu kugusa jicho, kisha uso ndio uende kwenye jiwe; wengi huishika mbali kama mpelelezi wa katuni na hawaoni kitu. Mzee mmoja alipiga magoti, akanyamaza, halafu akasema, "Ina vikombe." Kweli, ilikuwa na vikombe vidogo, ndimo mbegu-vumbi za kuvu hutokea. Baka lile ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, mwani ukitengeneza chakula kwa mwanga, kuvu ikiushikilia jiweni. Mengi hukua milimita chache tu kwa mwaka, mengine hata milimita haifiki, kwa hiyo baka la ukubwa wa kiganja huenda likamzidi umri kila mtu aliyesimama pale. Nilimwachia mzee wangu alitangaze kundini lile neno lake, vikombe. Nilikuwa na maelezo ya dakika kumi tayari kichwani, nikayameza.

Jina la kiumbe lichelewesheni. Ukilitaja tu, watu huandika na kugeuka. Kabla ya jina, waulize mkia wake anautikisa vipi, anatembea au anaruka-ruka, yuko peke yake? Na kama jina hulijui, sema hulijui. Mwaka wangu wa pili niliita ndege mmoja kwa jina, kwa sauti kubwa, mbele ya kundi. Bwana mmoja wa makamo akasogea akaninong'oneza, "Mwalimu, siye huyo." Alikuwa sahihi. Nilijifanya sikusikia, na hilo ndilo ninalolijutia, kuliko hata kukosea kwenyewe.

Jambo jingine lililonifunza ni sikio. Jioni moja binti wa miaka kama tisa aliniambia, "Kuna kitu kinalia pale kwenye nyasi, tsii-tsii-tsii." Nikasikiliza. Hakuna. Nikamwambia kwa upole kwamba ni upepo. Akashikilia msimamo wake, na watoto wengine wawili wakamuunga mkono. Tukafuata vidole vyao kwa tochi tukamkuta panzi wa usiku, yule wa papasi ndefu kuliko mwili, akisugua mabawa. Mimi sikumsikia hata nilipokuwa naye nusu mita. Masikio ya binadamu huanza kupoteza sauti za juu kadiri umri unavyokwenda, na wala hujui, kwa kuwa usichokisikia hakikuachii pengo. Siku hizi kila matembezi ya jioni nawaweka watoto mbele na kuwaambia wao ndio masikio ya msafara. Kwa popo hata wao hawatoshi, maana milio mingi ya popo iko juu ya mitetemo 20,000 kwa sekunde. Ukipata kile kifaa cha kuipunguza mitetemo hiyo ili milio isikike, kibebe, watu hawatakisahau.

Ukitaka kundi lisizurure mawazo, lipe kitu cha kuhesabu. Mwaka 1900 Frank Chapman, mtaalamu wa ndege wa Marekani, aliwashawishi watu 27 huko Amerika Kaskazini wahesabu ndege siku ya Krismasi badala ya kushindana kuwapiga risasi, na hesabu hiyo inaendelea kila mwaka hadi sasa. Yako haihitaji kuwa kubwa. Mgawie mmoja vipepeo, mwingine viota, na umwambie kwamba sifuri nayo inaandikwa.

Usalama nauandika kwa kifupi kwa sababu kila kundi lina masharti yake. Hesabu vichwa mnapoondoka na mnaporudi. Jiwe ulilolifunua lirudishe lilivyokuwa. Usipige sauti za ndege zilizorekodiwa ili kumwita ndege aliye kwenye kiota. Mkisikia radi, mmeshachelewa, rudini. Na darubini yoyote, hata ya mkononi, isielekezwe kwenye jua bila kichujio maalumu mbele yake. Hapo usibembelezane na mtu.

Mwisho wa usiku wa kutazama Mwezi, darubini moja usiifunge mpaka umemuuliza mlinzi. Yupo siku zote, amesimama na funguo akisubiri mwondoke, na hakuna anayemkaribisha. Wa kwetu alikataa mara mbili kwa kusema yuko kazini. Mara ya tatu akainama, akakaa muda mrefu kuliko mtu yeyote usiku ule. Nikamuuliza ameona nini. Akasema kuna shimo moja lenye kilima katikati, na kilima kina mwanga juu lakini chini kuna giza. Akauliza kama kesho litakuwepo. Nikamwambia litakuwepo ila jua litakuwa limeshaingia ndani yake, giza lile la chini huenda asilikute. Akaniomba nisubiri kidogo, akainama tena.