Bachela gani anapikiwa na kufuliwa miaka mitano?

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 37, naishi Tabata, niko single kwa kupenda mwenyewe. Kuna dada nilikuwa nae miaka mitano, alihamia kwangu ila nilimwambia mapema mambo ya ndoa mimi bado, napenda uhuru wangu. Mwezi wa tatu kaondoka bila ugomvi wowote, kabeba nguo zake, mapazia na hata mtungi wa gesi. Saivi kapanga chumba Kimara, nikimpigia anasema yuko sawa, hataki mwanaume, eti na yeye anapenda usingle. Nahisi kuna mashoga zake wanamjaza maneno. Wanawake wa siku hizi wana nini? Nimefikiria nimpigie mama yake aongee nae. Nifanyeje arudi?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa upweke, kurudi jioni ukakuta taa imezimwa na sufuria liko pale pale ulipoliacha asubuhi sio jambo dogo. Ila pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikirudia nakwama kwenye mtungi. Umeandika "hata mtungi wa gesi", hukuandika mtungi wangu. Mtu aliyechukuliwa kitu chake lazima aseme changu, hata mtoto wa chekechea anajua hilo. Wewe umekwepa kwa sababu unajua nani aliununua, na nadhani unajua pia gesi ikiisha nani alikuwa anamuita bodaboda aende kuujaza. Na mapazia hivyo hivyo. Miaka mitano madirisha yako yamefunikwa na hela ya mtu ambae ulikuwa unamwambia wewe uko single.

Sasa huo usingle wako ulikuwa wapi mwanangu? Bachela ninaemjua mimi anafua mwenyewe jumapili, anakula kwa mama ntilie, akishikwa na homa usiku anajikongoja mwenyewe kwenda kupima. Wewe ulikuwa na mke ila jina la mke ulikuwa hutaki kulitaja. Na usidhani sheria inakuona bachela. Vijiweni wanadanganyana eti ukikaa na mwanamke miezi sita tayari ni mkeo, sio kweli, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 inasema miaka miwili au zaidi, na watu wawe wanawajua kama mume na mke, hapo mahakama inachukulia ni ndoa mpaka aje mtu athibitishe kuwa sio. Na hata ikithibitika sio ndoa bado unaweza kuamriwa utoe matunzo. Wewe umekaa mitano. Huyo dada angetaka kukusumbua angeshakusumbua, yeye kabeba mapazia yake kaenda zake kimya kimya, na mimi kwa hilo namheshimu sana.

Halafu unasema mashoga zake wanamjaza maneno. Hapana baba, maneno alijazwa na wewe. Miaka mitano unamhubiria mwenzio uhuru ni mtamu, ndoa ni kifungo, akiuliza habari ya kwenda kujitambulisha kwao unamwambia bado unajipanga, ulitegemea asikie nini? Wahenga walisema akufukuzae hakwambii toka. Amekuelewa, tena kakuelewa vizuri kuliko ulivyotaka. Wewe uhuru ulioutaka ni wa kwako peke yako, ukiwa huru wewe na yeye yuko jikoni. Huo ndo usingle wanaume wengi wanaoupenda, na akitokea mwanamke kapanga chumba chake, ana ufunguo wake na luku yake, basi lazima atakuwa kadanganywa na mtu.

Hii kitu nimeikulia. Nyumbani kwetu Tanga nilikuwa na mjomba na mama mdogo, tumbo moja, wote hawakuwa na ndoa. Sikukuu ya Idi sahani ya mjomba ilifunikwa kawa ikapelekwa mpaka mlangoni kwake, "bachela wa watu, nani atampikia". Mama mdogo nae aliitwa, ila aliitwa alfajiri aje kukuna nazi kwa sababu "yeye hana majukumu". Yeye alikuwa na kazi yake na ada za shule za sisi watoto alilipa yeye, lakini akipita watu wanashusha sauti, maskini hakubahatika. Hakuna aliyewahi kusema mjomba hakubahatika! Mpaka leo mwanaume wa miaka 40 watu wanasema hajaoa, anachagua, mwanamke wa 30 wanasema hajaolewa, ana tatizo gani, kama yeye ni mzigo unaosubiri mtu aje auchukue.

Najua vijana mnaogopa gharama, kamati, michango, ukumbi, sare za ndugu wa pande zote mbili, ni kweli tumeharibu sisi wazazi na nalisema hili kila siku, watu wanaanza ndoa na madeni ya sherehe. Lakini ndoa yenyewe haijawahi kudai ukumbi. Msikitini wanafungisha, kanisani wanafungisha, bomani unapeleka taarifa siku 21 kabla mnafunga mnarudi kula wali nyumbani. Kwa hiyo hela haikuwa sababu yako, na wewe mwenyewe kwenye barua hukuitaja.

Mama yake usimpigie. Miaka mitano hukupeleka hata salamu ukweni, leo ndo unamjua mama wa watu ili akurudishie mpishi? Kama unamtaka kweli huyo dada, mtaka cha mvunguni sharti ainame, muulize yeye kwanza kama bado anakutaka, akikubali tafuta mshenga mtu mzima, peleka barua ya posa kwao kama wanavyofanya watu. Akisema hapana, ni hapana, simu za usiku uache, mtoto wa watu ana haki ya kulala.

Na siku ukienda kumuuliza nenda mchana, na habari ya mtungi usiiguse kabisa.