Maswali ya Bustani: Mimea ya Makopo Mezani Sokoni

SWALI: Habari za kazi. Nakuza giligilani, mnanaa na mrehani kwenye viriba na makopo hapa Tabata. Jumamosi napeleka soko la wakulima Masaki kwa bajaji. Nyumbani mimea inang'aa, lakini ikifika saa nne asubuhi yote imelala na wateja wanapita tu. Niongeze maji?
Msomaji, Tabata

JIBU: Kabla ya kugusa ndoo ya maji, chomoa mmea mmoja uangalie mizizi. Ikiwa imejizungusha ndani ya kopo kama kata ya kubebea mzigo, udongo uliobaki ni kidogo mno kushika maji, hata umwagilie mara tatu. Hamishia kwenye kiriba cha inchi 6. Ikiwa ni ya kahawia, laini na inanuka, imeoza kwa maji mengi. Ongeza matundu chini. Ukoko mweupe juu ya udongo ni chumvi, na visima vya Dar vinajulikana kwa hilo. Tumia maji ya bomba au ya mvua.

Mizizi ikiwa mizuri, basi mimea imedekezwa. Imelelewa chini ya neti, halafu siku moja inakutana na upepo wa bajaji na jua la Masaki. Wiki moja kabla, itoe juani kwa muda wa saa moja tu asubuhi, uongeze saa moja kila siku. Ijumaa jioni mwagilia hadi maji yatoke chini. Safarini ipange wima kwenye kreti za soda, uzungushie khanga kuukuu iliyoloweshwa.

Giligilani ina mambo yake. Haipendi kuhamishwa, kwa hiyo sia mbegu 8 hadi 10 moja kwa moja kwenye kopo, baada ya kuzipasua kwa kuviringishia chupa. Huota kati ya siku 7 na 14. Iuze wiki ya nne au ya tano. Joto la Januari na Februari huikimbiza kwenye maua. Sia makopo machache kila wiki, na mwambie mteja ukweli kwamba hiyo ni ya kukata na kula, si ya kukaa nayo mwaka mzima.

SWALI: Nauza miche ya pilipili na nyanya kwa 1,000. Mwenzangu wa meza ya pili anauza 500. Nishushe?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Usishushe kabla ya hesabu. Tuseme miche 100 imekugharimu 40,000, ikafa au ikabaki 30. Gharama yote inabebwa na 70 iliyouzwa: kila mmoja 570, si 400. Nauli na meza zikiwa 20,000, ongeza 285. Hapo 1,000 yenyewe inakuachia kama 145 tu. Afadhali ubadilishe bidhaa: pilipili iliyokwishazaa kwenye ndoo ya lita 10 haishindani na mche wa 500. Nyanya igeuze majani kwanza. Ukiona mabaka meupe kama ramani na kiwavi ndani, ni kantangaze, na mche huo haufai kumuuzia mtu.

SWALI: Rozimari zangu zinakauka kuanzia chini kila masika. Kwa nini?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Hazikauki kwa kiu, zinaoza mizizi. Changanya udongo na mchanga wa chengachenga nusu kwa nusu, toa kisahani cha chini, na kuanzia Machi zihamishe mbali na michirizi ya bati.